Marehemu Ndani ya Kanga

Bi Rawiya hakujua kompyuta zaidi ya kuchapa barua, kazi aliyoisomea diploma. Lakini kanga alizijua, na bintiye Dalal alimjua zaidi. Dalal alikuwa ameshaitwa kazini Dar es Salaam. Njia pekee ya kumbakisha Unguja ilikuwa Bwana Azzan, mwenye maduka matatu ya kanga Darajani, aikubali programu ya kompyuta aliyoitengeneza Dalal, asubuhi ile ya mwaka 2004. Akiikataa, binti anapanda boti.

Programu yenyewe ilikuwa mwanamke wa kuchorwa, anasimama juu ya skrini bila fremu wala kisanduku kumzunguka. Mteja akichagua kanga, yeye anaivaa. Dalal alimweleza mama yake kwamba dirisha zima hupakwa rangi moja, kisha kompyuta huambiwa kila penye rangi hiyo pawe wazi kama kioo. Kitabu alichojifunzia kilishauri waridi kali, kwa kuwa hakuna anayeitumia.

Nyumbani walijaribu kwa kisutu, kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, mwanamke akapendeza. Dukani Bwana Azzan akataka kanga inayouzika kuliko zote, ya maua makubwa ya waridi. Dalal akabonyeza.

Maua yote yakawa matundu. Na huko nyuma, kwenye skrini, Bwana Azzan alikuwa ameweka picha ya marehemu baba yake, Sheikh Saud, na kilemba chake. Jicho moja la sheikh likachungulia kifuani mwa mwanamke. Ndevu zikatokea kiunoni.

Wateja wawili wakageukia ukutani, mabega yakiwatikisika. Dalal akatafuta pa kufungia, kumbe kitufe alikiondoa pamoja na fremu. Akabonyeza ua, ua lilikuwa tundu, mshale ukapita ukamdonoa marehemu puani.

Bi Rawiya akavuta doti ya kanga rafuni, akaifunika kompyuta kama anayemsitiri mgeni aliyetoka bafuni.

"Bi Rawiya," alisema Bwana Azzan polepole, "baba yangu kauza kanga miaka arubaini. Hata siku moja hakuingia ndani yake."

"Kosa ni la kitabu. Aliyekiandika hajafika Darajani." Akamgeukia bintiye. "Rangi gani haimo kwenye kanga yoyote?"

Dalal akaanza kuzitazama rafu. Mama akapita rafu hadi rafu, akarudi na jibu: kijani cha mchicha uliolala, rangi ambayo mwanamke wa mjini haivai hata kwenda kutupa taka. Dalal akabadilisha mstari mmoja, akaamriwa pia arudishe pa kufungia. Kisha mwanamke wa skrini akavishwa kanga zote sitini na mbili, moja moja, mpaka adhuhuri. Haikutoboka hata moja.

Bwana Azzan akaikubali kwa maduka yote matatu, kwa sharti Dalal awepo kila mzigo mpya ukiingia.

"Unaingia mara ngapi?" Bi Rawiya aliuliza.

"Kila wiki mbili."

"Basi Dar watafute mtu mwingine."

"Mama, sijaulizwa," alisema Dalal.

"Nnakuuliza sasa. Unakaa?"

Dalal alimtazama mama yake, aliyekuwa akiikunja ile doti kwa mara ya tatu.

"Nnakaa."