Maji ya Honor Bidgood

Nilikwenda mjini Taunton kuuza jibini, si kuamua roho ya mtu. Lakini ilikuwa wiki ya majaji, wale wanaozunguka miji kusikiliza kesi, na soko lilipopoa nikaingia mahakamani kusikiliza. Wanaume kumi na wawili wa baraza la mahakama walikuwa wameshamtia hatiani Honor Bidgood, mjakazi wa rika langu, kwa kuiba jora la kitani nyumbani kwa bwana wake. Adhabu yake kamba. Jaji akamuuliza kama ana la kusema.

"Nina mimba, mheshimiwa," akasema.

Palepale milango ikafungwa. Wanawake waliozoea mambo hayo walikuwa wameshaanza kujipenyeza kwenda nje, maana sheria yetu inasema mtoto akiwa ameanza kucheza tumboni, mama hanyongwi mpaka ajifungue, na wa kuthibitisha hilo si wanaume. Askari wa mahakama akapita katikati yetu akitazama vidole. Mwenye pete ya ndoa anachukuliwa, mpaka tutimie kumi na wawili. Mimi nikawa wa kumi na mbili.

Tukaapishwa, tukafungiwa chumba cha nyuma pamoja na Honor. Mlangoni akasimama mlinzi, Bwana Hembrow, naye akaapa kwamba hatatupa chakula, kinywaji wala moto mpaka sote kumi na wawili tuseme neno moja.

"Hata kipande cha mkate?" akauliza Mama Sweeting, ambaye mikate ndiyo biashara yake.

"Hata chembe, mama. Ndivyo ilivyo tangu enzi za babu wa babu yangu. Mwenye njaa habishani sana."

"Basi wale wanaume walikuwa na njaa kweli! Hawakumaliza hata robo saa."

Tukacheka. Honor hakucheka.

Mkubwa wetu alikuwa Mama Pitman, mkunga. Akamlaza Honor juu ya meza, akabonyeza tumbo mara tatu, akajifuta mikono kwenye aproni.

"Mimba huenda ipo, lakini mtoto hachezi. Twendeni tukaseme hivyo, nina mzazi ananisubiri."

Wengine wakapapasa mmoja mmoja, wakatikisa vichwa. Zamu yangu ilipofika nilikuta tumbo limekaza, limetulia tuli. Sikuondoa mkono.

"Wewe unangoja nini?" akauliza Mama Pitman.

"Namngoja mtoto."

"Msikieni! Unaitwa nani?"

"Tamsin Vowles, mama. Tunafuga ng'ombe."

"Watoto unao wangapi, Tamsin?"

"Sina."

"Ndoa ina miaka mingapi?"

"Minne."

"Ehee! Mimi nimepokea watoto mia tatu kwa mikono hii, leo asiyejua uchungu unaanzia wapi anakuja kunifundisha tumbo!"

Uso ukaniwaka, lakini mkono ulibaki pale pale. Kengele ya kanisa ikalia saa nane, ikalia saa tisa. Ilikuwa Machi, na chumba kile hakikuwa na moto. Mama Sweeting akaanza kuniomba kwa upole, halafu akanitukana, halafu akaniomba tena. Nikawaambia, "Mtu mmoja akikataa hatutoki. Na mimi sijaona bado."

Nilikuwa namtazama Honor. Midomo ilikuwa imempasuka.

"Umekunywa lini?" nikamuuliza.

"Jana."

Hapo nikawakumbuka ng'ombe wetu. Mwenye mimba changa humtambui kwa kumbonyeza tu. Baba mkwe humpa maji ya kisima, yale baridi ya kukata meno, kisha tunamwekea ngumi ubavuni. Ndama hustuka, anapiga.

Nikagonga mlango. "Bwana Hembrow, tuletee ndoo ya maji ya kisima."

"Una wazimu? Nimeapa."

"Uliapa usitunyweshe sisi. Huyu si mmoja wetu."

Akakuna shingo, akaenda kumuuliza karani. Alirudi na ndoo na kikombe cha bati, akasimama juu yake kama mbwa wa zizi.

"Atakayelamba hata tone, nampeleka kwa jaji!"

Honor akanywa kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu. Wanawake kumi na mmoja walikuwa wanameza mate. Safari hii sikurudisha mkono wangu tumboni.

"Weka wako, Mama Pitman. Mimi nikisema, mtasema sijazaa."

"Nimeshasema langu," akajibu, amekunja mikono.

"Basi tukae. Mimi kazi yangu ni kukaa kwenye kigoda cha kukamulia."

"Pitman!" akafoka Mama Sweeting. "Weka mkono twende makwetu! Watoto wangu wanalia huko!"

"Weka, mama, tunakufa baridi," wakadakia wengine.

Mama Pitman akaweka mkono kwa hasira. Nilimwona akiinamisha kichwa kidogo, kama anayesikiliza nyuma ya mlango.

"Mpe maji tena," akasema polepole.

Honor akanywa. Mkono wa mkunga ukaruka.

"Anacheza," akasema. "Njooni mguse. Wote. Nisije nikasemwa."

Tulirudi mbele ya jaji, Mama Pitman akatusemea sote kumi na wawili, na jaji akaiahirisha kamba mpaka mtoto azaliwe. Tulipofuata shali zetu kule chumbani, Honor alikuwa anafungwa minyororo arudishwe gerezani.

"Ni miezi minne tu, Tamsin," akaninong'oneza.

"Minne ni mingi. Shule ya kijiji ilinifundisha kuandika. Barua ya kumwomba mfalme akusamehe nitaiandika mimi, na nitapita nayo nyumba kwa nyumba watu waweke alama zao."

Nyuma yetu Mama Pitman alikuwa ameinamia ndoo, anateka maji yaliyobaki kwa viganja vyake na kunywa.

"Uanzie kwangu," akasema bila kuinua uso.