Sakafu ya Tanuri

Kwaru. Kwaru. Kabla hakujapambazuka, Mehitabel alisikia kitu kikikwaruza ndani ya tanuri, mle alimoweka mikate tangu jioni. Panya gani huyo wa kukaa motoni? Akaufungua mlango.

Hamkuwa na kitu ila mikate. Alipopindua mmoja ili upoe, chini yake palikuwa na herufi zimetuna, zimegeuka kama kwenye kioo. Akazifuata kwa kidole. *Keziah Pell. Miaka sita.*

Akamwita mumewe.

Mumewe, Wakili Eliphalet Thorne, ndiye aliyehamisha makaburi ya mji wao wa Connecticut ili mahakama ijengwe pale kilimani. Alishika Biblia mbele ya mkutano wa mji, akaapa kwamba kila marehemu amefuatwa na jiwe lake. Mjane Pell aliposema la mwanawe halionekani, wakili alimjibu mbele ya kadamnasi kwamba huzuni imemchanganya. Na kesho mji ungempigia kura aende baraza la jimbo.

"Mwashi aliona jiwe bapa, akalitandika sakafuni mwa tanuri," Eliphalet alinong'ona. "Sikujua, Mehitabel."

"Sasa unajua, bwana. Mwambie mama wa watu."

"Keshokutwa. Kura zikishapita."

Tanuri lilipopoa Eliphalet akalichokoa jiwe kwa mtaimbo, akaligeuza, maandishi yakatazama udongo. Mehitabel akaoka upya, maana siku ya kura mgombea lazima alishe watu. Jioni akaitoa mikate. Maandishi yalikuwapo vilevile kwenye kila mmoja, na safari hii yalisomeka sawasawa.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mjane Pell na chungu chake, kaja kuomba makaa. Moto wake ulikuwa umezimika tena.

"We wakili, mbona umepauka hivyo?" akacheka. "Kesho watu watadhani wanachagua maiti!"

"Uchovu tu, Mama Keziah." Alijibanza mbele ya meza yenye mikate.

Mehitabel alimkazia mumewe macho. Sema wewe, nisiseme mimi. Wakili akachukua chungu, akainama kuchota makaa.

Mezani, binti yao Tabitha, aliyeanza kusoma majira yale ya baridi, alikuwa amepakata mkate mmoja, akiupapasa herufi kwa herufi. Akainua uso.

"Mama Keziah, jina la mwanao liko kwenye mkate wetu."