Mahamri ya Pihkajärvi

Mzee Eino aliingia dukani ameshika kofia mkononi, na Salwa akajua hapohapo kwamba kuna shida. Mzee huyo alikuwa havui kofia hata akila.

"Salwa, mwanangu," alisema, "Aili amevunjika mkono."

Salwa hakumjua Aili, lakini alitoa pole ya kutosha watu wawili. Duka lake lilikuwa Anoka, Minnesota, karibu na mto, na Eino alikuwa mteja wake wa kila Jumamosi: mahamri ya moto, chai isiyo na maziwa, na malalamiko kuhusu barabara. Siku hiyo hakulalamika. Alieleza kwamba wazee wake walitoka Ufini, katika halmashauri ya vijijini iitwayo Pihkajärvi, yenye misitu mingi, maziwa mengi, na watu wachache kiasi kwamba mtu akipiga chafya posta, walioko kanisani wanamwombea afya. Wajukuu wa waliohamia Minnesota hukutana ukumbini Anoka kila kiangazi, na Aili ndiye huwaokea pulla, mikate yao ya iliki. Sasa Aili ana plasta mpaka kwenye kiwiko.

"Mahamri yako yana iliki," alisema Eino. "Hawatajua tofauti."

"Watajua, mzee. Haya yana tui la nazi."

"Wengi wao hawaoni vizuri."

Salwa akacheka, akakubali. Siku ilipofika, yeye na mumewe Omar walipakia masinia garini, Omar akaendesha kwa uangalifu kama amebeba mayai.

Ukumbini viti vilikuwa vimepangwa pande mbili, katikati pameachwa njia pana kama ya kupitisha bibi harusi. Upande mmoja kibao kilisema Yläpää, upande wa pili Alapää. Eino alimnong'oneza Salwa kwamba hivyo ni vijiji viwili vya Pihkajärvi, na kwamba havielewani tangu halmashauri ilipojenga kibanda cha kusubiria basi na kukiweka Yläpää.

"Lini hiyo?"

"Mimi nilikuwa sijazaliwa."

"Na hilo basi?"

"Liliacha kuja zamani sana. Lakini kibanda kipo."

Salwa akaweka masinia katikati ili asimuudhi mtu. Aili, bibi mdogo mwenye plasta kubwa kuliko yeye, alikuwa wa kwanza kuonja. Alifumba macho. Chozi likamtoka.

"Hii ni pulla ya nyanya yangu," alisema. "Ya Yläpää kabisa."

Upande wa pili bibi mmoja mwenye miwani akainuka. "Ya Yläpää? Nyinyi mlikuwa mnatia iliki kama mtu anayetia dawa ya macho! Iliki ya kushiba namna hii ni ya Alapää."

Kufumba na kufumbua, wazee wawili walikuwa wamelishika sinia kila mmoja upande wake, wanalivuta. Mahamri yakaanza kubingirika sakafuni. Eino alikuwa amevaa kofia yake tena, ameishusha mpaka kwenye nyusi.

Omar hakuzaliwa na uwezo wa kuona ugomvi bila kuutia mkono. Alikuwa amesimama karibu na ramani ya Pihkajärvi ukutani, na kati ya vile vijiji viwili aliona kidoti chenye jina.

"Jamani, jamani!" alipaza sauti. "Mnagombania nini? Haya ni mahamri ya Keskikylä!"

Wazee wakaliachia sinia kwa pamoja.

"Keskikylä?" alisema Aili, kama mtu aliyetajiwa panya. "Wale wezi wa kuni?"

Salwa alimfinya mumewe. "Umekijulia wapi hicho kijiji?"

"Ukutani. Sasa hivi."

Kule nyuma, upande wa Alapää, kiti kililia. Alisimama Toivo, mpiga kodiani wa mikutano hiyo, mrefu, mwembamba.

"Mimi ni wa Keskikylä," alisema. "Baba, mama, wote. Nimewaficha miaka yote hii kwa sababu nawapenda. Na kwa sababu ya supu yenu."

Akaja moja kwa moja kwa Omar, akamkumbatia mpaka miguu ya Omar ikaachana na sakafu. "Ndugu yangu!" alilia.

"Ndiyo, ndugu," alijibu Omar kutoka kwapani.

Hapo Salwa alishindwa kuvumilia. Alipanda juu ya kiti. "Samahanini. Mahamri haya alinifundisha mama yangu, Kibokoni, Mombasa. Mume wangu hajafika Ufini. Hata Duluth, hapahapa Minnesota, hajafika."

Toivo akamshusha Omar taratibu, kama anarudisha kitu dukani.

"Hicho Kibokoni ni kijiji?" aliuliza Aili.

"Ni mtaa, bibi. Mji wa Kale."

"Na mumeo wa hukohuko?"

Omar akanyoosha shati. "La, mimi wa Kuze. Na tukisema kweli, mahamri ni ya Kuze. Ya Kibokoni huwa mazito kidogo."

Kutoka Kibokoni hadi Kuze unaweza kutembea na kikombe cha chai na kisipoe. Salwa alishuka kwenye kiti, akamgeukia mumewe kwa Kiswahili.

"Unasemaje? Ewe Omar! Unakula mpaka unalamba vidole, leo mbele ya watu ndiyo unaona mazito?"

"Mamako si alikuwa akija kwetu kuomba hamira?"

"Hamira! Mamako aliwahi kuunguza maji!"

Wafini hawakuelewa neno hata moja, na walielewa yote. Yläpää nzima ilihamia nyuma ya Salwa. Alapää ikajipanga nyuma ya Omar.

"Amesema nini?" aliuliza bibi mwenye miwani.

"Sijui," alijibu jirani yake, "lakini ana haki."

Toivo alibaki katikati peke yake, anakula.

"Kibokoni!" Aili alimpigia Omar kelele, akitikisa plasta hewani. "Kibokoni!"

Salwa alimtazama bibi huyo wa Kifini, mashavu mekundu, akipigania mtaa asioujua hata uko upande gani wa dunia, akaangua kicheko mpaka akashikilia meza. Omar naye akafuata, kisha ukumbi wote. Mtu akamletea Toivo kiti, akakiweka pale njiani katikati. Yläpää wakampelekea supu. Alapää, kwa kuogopa kushindwa, wakampelekea mbili.

Njiani kurudi nyumbani kwao Champlin, ng'ambo ya mto, Omar alikohoa.

"Kusema kweli si mazito sana."

"Endesha gari," alisema Salwa.