Mashapo

Binti alikishika kichupa kama mtu ashikavyo yai, akakiinamisha polepole mpaka tone likaangukia kwenye jicho la kulia la mama yake. Jicho lilikuwa jekundu kama nyama mbichi. Ilikuwa siku ya nane tangu aondolewe mtoto wa jicho.

"Linauma, mama?"

"Linapwita. Utadhani lina moyo wake humo ndani."

Kiwandani mama huyo walimwita Darubini. Miaka kumi na tisa alikaa kwenye kiti cha chuma mbele ya ubao wa taa nyeupe, chupa tupu za soda zikimpita, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuona. Ufa, njiti ya kiberiti, mguu wa mende, vyote alivitoa. Siku ilipopita chupa chafu asiione, msimamizi alimpa barua. Apone ndani ya miezi miwili, la sivyo kiti kina watu wanaokitaka. Hospitali ikasema upasuaji ni bure kwa atakayekubali kuingia kwenye utafiti wa dawa ya matone. Alikubali upesi, asije mtu akamwahi.

Asubuhi hiyo alikiinua kichupa dirishani. Hata kwa jicho la kushoto, ambalo nalo lilishaanza kuingia ukungu, aliona. Juu maji maangavu, chini kitu cheupe kimelala.

"Hii kazini ningeitoa," alisema, akajifunga mtandio. Wakaenda.

Muuguzi wa utafiti hakuwapa kiti. "Siku yenu ni ya kumi na nne."

"Dada, linauma. Halafu dawa ina mashapo."

"Ndivyo ilivyotengenezwa."

"Na hapa kwenye lebo pameandikwa nini?" binti aliuliza. "Hii lugha hatuijui."

"Si mlishaelekezwa? Matone mawili, mara nne kwa siku. Mkija ovyo ovyo mtatuharibia takwimu."

Tangu hapo walikitunza zaidi. Binti alikisimamisha juu ya kabati, akawakataza watoto wa nyumbani wasikisogelee. Kila alipokishusha alibana pumzi, mashapo yale yasije yakapanda yakaingia kwenye jicho la mama.

Siku ya kumi na nne daktari alimulika, akaandika, akamwita anayefuata. Kufika wiki ya tano kichupa kilikuwa kimekwisha na jicho limezima. Kiti cha chuma kikapata mtu mwingine.

Mwezi wa tatu, ukungu wa jicho la kushoto ukiwa umeshaziba karibu kila kitu, akaitwa ukumbini hospitalini. Alidhani ni matibabu. Walimkalisha mbele ya wataalamu, juu ya jukwaa, na yule daktari akasimama kando yake na kipaza sauti.

"Tumelinganisha dawa ya steroidi iliyotengenezwa kwa namna mbili, kwa uvimbe wa jicho baada ya upasuaji. Ya kundi la kwanza ni ile ya zamani, inayotuama. Ya kundi la pili ni hii mpya, iliyochanganyika moja kwa moja kama maziwa. Huyu ni wa kundi la kwanza. Tazama juu, bibi. Kushoto. Mnaona? Mboni imeganda, haifunguki tena."

Sauti ya mtu mzima ilitoka nyuma ya ukumbi. "Hiyo ya zamani lazima itikiswe kabla ya kutumia. Wagonjwa waliambiwa?"

"Maelekezo yapo kwenye lebo."

"Nimeuliza kama waliambiwa."

"Tulitaka kuona wanavyotumia wenyewe nyumbani, bila kuongozwa."

Wachache walicheka. Darubini aligeuza uso kuifuata sauti ya daktari.

"Kutikisa nini?"

"Subiri kidogo, bibi. Maswali ni ya wataalamu."

"Kile cheupe cha chini... ndiyo ilikuwa dawa?"

Daktari aliminya kitufe, picha ya jicho ikaondoka ukutani, ukaja mchoro wa dawa mpya. Ukumbi ukapiga makofi. Mtu akamshika Darubini kwapani, akamtelemsha.

Binti alikuwa anangoja kwenye korido. "Wamesemaje, mama?"

Alitafuta uso wa mwanawe kwa kiganja, akaupata. "Wamesema kichupa tulikitunza vizuri."

Kabla hawajafika mlangoni, viatu vya muuguzi vikawafuata mbio. Alikuwa na karatasi.

"Bibi, hilo la kushoto nalo si lina mtoto wa jicho? Wiki ijayo tunaanza utafiti mwingine. Upasuaji bure."

"Nitakuwa kundi gani?"

"Anayechagua ni kompyuta. Haturuhusiwi kusema."

"Na nikikataa?"

"Upasuaji wa kulipia upo. Dirisha namba tatu."

Binti alianza kusema kitu, mama akamfinya mkono. Korido ilikuwa imejaa watu, na nyuma yao mzee mmoja alikuwa tayari anauliza kama nafasi hiyo inaweza kupewa yeye.

"Lete kalamu," Darubini alisema. Aliipapasa karatasi huku na huku. "Wapi?"

Muuguzi akamshika kidole, akakiweka kwenye mstari.