Gesi ya Mkwe

Saa nne na nusu asubuhi, jua likiwa limeshapanda vya kutosha kumwadhibu kila mtu, Mama Gia alikuwa amekaa ndani ya gari lake mwenyewe, vioo vyote vimefungwa, anaoga jasho na kutabasamu. Kiti cha pembeni alikaa mkwe wake, fundi mwenye gereji, ameweka kiganja mbele ya tundu la kiyoyozi kama anayepima homa ya mtoto.

"Imepoa, mkwe?" fundi akauliza.

Hewa iliyokuwa inatoka pale ilikuwa ya moto kama pumzi ya mtu. Nje walisimama mafundi wake watatu, spana mikononi, wanasubiri jibu.

"Imepoa," akasema Mama Gia. "Imepoa kabisa. Ahsante sana, mkwe."

Haya, msianze kumwona mjinga. Mwanamke huyu ameendesha magari miaka ishirini na miwili, malori kwa mabasi ya shule, na jina la Mama Gia hakupewa kwa kuonewa huruma. Angekuwa fundi mwingine angemshusha garini kwa maneno matatu. Lakini mkwe ni mkwe. Binti yake wa pekee, fundi cherehani, ameposwa na kijana wa huyu mzee, posa imeshakubaliwa, kilichobaki ni tarehe tu. Sasa mtu wa namna hiyo utamwambia kazi yako mbovu? Mdomo wenyewe unagoma.

Mambo yalianza wiki mbili nyuma. Kliniki ya figo ilikuwa inatafuta dereva mwenye gari lake, wa kuwachukua wagonjwa majumbani na kuwarudisha wakishasafishwa damu. Siku tatu kwa wiki, mwaka mzima, malipo kila mwisho wa mwezi. Mama Gia alikuwa amechoka kushinda stendi akigombania abiria na vijana wa umri wa mwanawe. Kazi ile aliitaka mpaka akaiota. Sharti lilikuwa moja: gari liwe na ubaridi wa uhakika, maana mgonjwa akitoka kwenye ile mashine hana nguvu za kupambana na joto. Na kompresa ya gari lake, ule moyo wa kiyoyozi, ilikuwa imekufa zamani. Akanunua mpya kwa laki nne, fundi mmoja wa mtaani akaifunga, mama wa watu akajua ameshamaliza.

Kumbe wapi! Kompresa bila gesi ni pambo. Akaenda gereji kubwa ya barabarani, ile yenye mashine za kisasa, wakamwandikia hesabu kwenye karatasi: kuvuta hewa na unyevu kwenye mabomba, mafuta ya kompresa, chujio jipya, gesi yenyewe, na ufundi. Jumla laki moja na themanini. Alipiga kelele mpaka wakamletea maji ya kunywa.

"Laki na themanini kwa kitu nisichokiona? Hiyo gesi mnaifuata mbinguni?"

Kijana wa kaunta akamweleza taratibu. Mama, gesi si tatizo, kazi ni kuitoa hewa kwanza. Ukijaza gesi juu ya hewa na unyevu, gari halipoi, na hiyo kompresa yako mpya utaizika mwaka huu huu. Mama Gia akanuna, akapiga hesabu zake, akaenda kutoa akiba na kuitia kwenye bahasha. Roho ilimuuma, lakini alikubali.

Na angekwenda siku ile ile, leo nisingekuwa na la kusimulia. Bahati mbaya binti akamwambia mchumba wake, mchumba akamwambia baba yake, na baba akaja mwenyewe nyumbani na sura ya mtu aliyetukanwa.

"Mkwe, mimi mzima wa afya, unapeleka gari kwa watu baki?"

"Sikutaka kukusumbua, mkwe."

"Unanisumbua ukienda huko. Lilete kwangu."

"Nitalileta. Ila tuambiane mapema, itakuwa kiasi gani?"

"Aa, mkwe! Mimi na wewe hatutashindwana."

Jamani, neno hilo! Mtu baki akikwambia hatutashindwana, unambana hapo hapo: taja bei, nione kama naweza. Mkwe akilitamka, umeshafungwa kamba mikono na miguu. Kuuliza bei tena ni kumwona mwizi. Kumpa bahasha ni kumwona hana kitu. Kwenda kwingine ni kumwona si fundi. Mama Gia akajikaza kisabuni, akalipeleka gari.

Asubuhi ile alisimama pembeni akiangalia kazi, na kila alichokiona kilimkata maini. Pampu ya kuvuta hewa hakuiona. Akauliza kwa mbali, kama mtu anayeulizia habari za mvua.

"Ya nini hiyo?" fundi akasema. "Hewa naisukuma kwa gesi yenyewe, inatokea huku. Kwa nini nikutie gharama?"

Chujio kuukuu akalipuliza kwa upepo wa kujazia matairi, akalifuta na kitambaa, akalirudisha. "Hili bado lina maisha, mkwe. Wale wa barabarani wangekuuzia jipya." Na lililomuumiza zaidi Mama Gia ni kwamba mzee yule hakuwa na ujanja wowote. Alikuwa anampunguzia gharama kwa moyo mweupe.

Ndiyo maana akasema imepoa.

Miadi ya kliniki ilikuwa saa saba mchana, na bahasha bado alikuwa nayo mkobani. Mama Gia akawaza haraka: naaga vizuri, nakata kona, naingia gereji kubwa, saa mbili zinatosha kabisa. Akawasha gari. Mlango wa pembeni haukufunguka.

"Nakusindikiza," mkwe akasema, anavuta mkanda. "Wakileta maswali ya kitaalamu nitajibu mimi."

"Usijisumbue, mkwe, una kazi nyingi."

"Kazi gani inaizidi hii?"

Wakaondoka, vioo vimefungwa, maana nani afungue kioo kwenye gari lenye baridi? Taa ya kwanza ikawazuia. Taa ya pili ikawazuia. Jasho jembamba lilianza mgongoni kwa Mama Gia, likashuka, likafika lilipofika. Akamtazama mkwe kwa jicho la pembeni. Mzee alikuwa analowa kola, matone yanamning'inia kwenye kidevu, na bado ametulia tuli kama mtu aliye msikitini au kanisani.

"Naona unatoka jasho, mkwe," Mama Gia akajaribu. Alikuwa anamfungulia mlango wa kukiri. Mlango wenyewe huo, pita baba!

"Dawa za presha hizi," mkwe akasema. "Zinafukuza maji mwilini. Na wewe?"

"Mimi ni umri tu."

Mbele kidogo lilitokea bango la gereji kubwa, na uani mashine ya gesi ikionekana kabisa, haina hata mteja. Mguu wa Mama Gia ukaitafuta breki wenyewe.

"Mkwe, nisimame hapa mara moja, ninunue maji ya kunywa."

"Maji ya nini na baridi hii?"

Angesema nini? Akapita. Aliitazama ile mashine kwenye kioo cha nyuma mpaka ikafichwa na lori. Kompresa nayo ikaanza kulalamika huko mbele, sauti ya kusaga, kama mtu anayetafuna mchanga. Laki nne zake hizo zinatafunwa.

"Hiyo ni sauti ya upya," mkwe akasema bila kuulizwa. Kisha, kama vile hilo halikutosha, akakunja mikono kifuani. "Punguza kidogo, mkwe. Ubaridi ukizidi unanipiga mgongo."

Na Mama Gia, mwanamke aliyewahi kugombana na askari wa barabarani mpaka askari akaomba radhi, akanyoosha mkono akapunguza. Kufa na tai shingoni ndiko huku.

Kliniki walipokelewa na sista mkuu, mwanamke mwembamba mwenye miwani na maneno machache. Aliingia kiti cha nyuma na kipimajoto chake, akafunga mlango, akaamuru injini ingurume na kiyoyozi kifunguliwe mpaka mwisho. Wakakaa humo watatu dakika kumi. Nzi aliyeingia nao alitua kwenye dashibodi na hakuinuka tena.

Sista akasoma kipimajoto. "Nyuzi thelathini na nne. Nje ni thelathini na moja."

"Kinachelewa kidogo kushika," mkwe akarukia. "Nimejaza gesi mwenyewe leo asubuhi. Mimi ni fundi, miaka thelathini sasa."

Sista hakumwangalia. Aliinama mbele mpaka Mama Gia akasikia pumzi yake shingoni.

"Dereva, nisikilize. Magari yanaharibika, hilo nalijua. Kama lina tatizo, niambie sasa hivi, nikupe mpaka keshokutwa ulitengeneze, na nafasi yako naishika mimi. Lakini mtu wa kunificha simpi mgonjwa wangu, maana siku akizidiwa humo ndani atanificha pia. Nakuuliza wewe, siyo huyu baba. Hii AC ni nzima?"

Alikuwa ametupiwa kamba. Ilikuwa ni kuishika tu. Haifanyi kazi, sista, nipe hizo siku mbili. Maneno hayo yalifika mpaka kwenye meno. Akageuza uso na kumwona mkwe, shati limemganda, macho yamemtoka, midomo imefunguka kidogo. Akamwona baba wa mwanamume ambaye binti yake ataishi naye. Akawaona wale mafundi watatu na spana zao, jinsi watakavyolisikia jambo hili kabla ya jioni.

"Ni nzima, sista," akasema.

Akalisikia neno linatoka, akatamani kulirudisha kwa mikono miwili. Sista alikuwa ameshateremka. Wakamwona pale kivulini anatazama orodha ya madereva na kumpigia simu anayefuata.

Walirudi vioo vimeshushwa. Hakuna aliyesema tushushe. Walivishusha tu, kila mtu chake. Upepo wa barabarani ukawapiga usoni. Mama Gia alilia bila sauti, machozi yakikauka kabla hayajafika mashavuni.

"Pampu yangu ilikufa mwaka jana," mkwe akasema hatimaye, anaangalia dirishani. "Mpya sijaweza kununua."

"Ungeniambia, mkwe. Fedha nilikuwa nayo. Ninayo mpaka sasa."

"Ningekwambiaje? Nilikuuliza imepoa, ukasema imepoa, mbele ya vijana wangu. Nikasema labda ubaridi unausikia wewe. Halafu njia nzima nakungoja useme." Akafuta uso kwa kiganja. "Nisamehe, mkwe."

"Nisamehe na mimi."

Na hapo, niwaambie ukweli, Mama Gia akapata nafuu. Kazi imekwenda, ndiyo, na imekwenda kijinga. Lakini angalau wamesemezana kama watu wazima. Kuanzia leo, akajiambia, mimi na huyu tutaambiana kila kitu.

Binti alikuwa mlangoni, futi ya kupimia bado imening'inia shingoni. Alikimbilia gari kabla halijasimama vizuri.

"Mama! Wamekupa?"

Mama Gia akavuta pumzi aanze. Akatafuta neno la kwanza, lisiloumiza sana.

"Wamempa," mkwe akasema. "Wamempa papo hapo. Anaanza Jumatatu."

Binti akapiga yowe la furaha, akamrukia mama yake shingoni dirishani, na juu ya bega lake Mama Gia alimwona mkwe ameshashuka, amesimama nyuma ya binti, mikono imeshikana kifuani, anamwomba kwa macho. Anamstiri. Mzee wa watu, alikuwa anamstiri! Hakutaka aaibike mbele ya mtoto wake.

"Ee," Mama Gia akasema. "Jumatatu."

Kabla ya jioni tarehe ya harusi ilikuwa imeshapangwa, maana familia zote mbili zilikuwa zinangoja kazi hiyo tu. Jumamosi alijaribu kusema, akakuta binti yuko kwenye simu na ukumbi. Jumapili akajaribu tena, na hesabu ikamshinda: baba mkwe wako amedanganya, kwa sababu mimi nilidanganya, kwa sababu yeye hakuwa na pampu na mimi sikuthubutu kumuuliza bei mara ya pili. Ukianza kuifumua hiyo, unaishia wapi? Na binti anaimba kwenye cherehani.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi binti alimpa shati. Alikuwa amelishona kwa siri, la samawati, na kifuani ametarizi kwa uzi mweupe: DEREVA. Mama Gia akalivaa. Likamkaa sawasawa. Akaingia garini, akapungiwa mkono mpaka kwenye kona.

Kwenye njia panda akakanyaga breki. Kulia ni kliniki. Kushoto ni stendi, ambako kila mtu angemuuliza shati hilo la kazi gani. Magari yakampita huku na huku, na yeye bado yuko pale pale, injini inanguruma, shati jipya limeshaanza kulowa mgongoni.