Torquil Alipopanda na Samoni

Ishbel alikuwa anamenya viazi dirishani alipomwona mumewe, aliyezikwa mwezi wa sita, akipanda mto pamoja na samoni. Maji yalimfika kifuani. Samaki walimpita kushoto na kulia, na kwenye poromoko alisubiri zamu yake kama wao, kisha akaruka. Mara ya kwanza alianguka, mara ya pili akapita. Ishbel aliongeza kiazi kimoja kwenye sufuria.

Kila kilichozaliwa kwenye mto ule hurudi wakati wa vuli, na Torquil alizaliwa pale juu ya daraja. Kilichomshughulisha Ishbel ni nyumba. Ilikuwa nyumba ya kazi: anayewaongoza wageni kuvua ndiye anayekaa humo na mkewe. Torquil alipofariki, Pirie, meneja wa milki yenye mto na nyumba ile, alimruhusu mjane akae mpaka msimu uishe, na msimu ulikuwa unaisha Jumamosi ile. Sasa mwenye kazi amerudi. Ishbel alilala fofofo, jambo ambalo halikuwa limemtokea tangu mazishi.

Kulipokucha Torquil alikuwa kilindini, pale wageni wanapovulia, kofia ya sufu kichwani, akimfokea mgeni, daktari wa meno kutoka Edinburgh.

"Rusha, halafu shuka hatua moja! Umeota mizizi hapo? Mwenzio nyuma anangoja!"

Ndiyo desturi ya mto ule: kila ukirusha mshipi unashuka hatua moja, ili kila mtu apate maji yake. Daktari akashuka, na papo hapo samoni jike, tumbo limejaa mayai, akanasa kwenye ndoano iliyovikwa manyoya. Majike wa vuli hawaliwi, hurudishwa majini. Torquil alimshika kwa mikono miwili, kichwa kikielekea maji yanakotoka, akingoja apate nguvu. Mikono ya walio hai huwachosha samaki kwa joto lake. Ya Torquil haikuwa na joto lolote, na samaki aliondoka ana nguvu kuliko alivyokuja.

Wageni walimpenda. Pirie alimpenda zaidi. Ijumaa alikuja jikoni, akavua kofia, akakubali chai.

"Mumeo anatufaa sana, mama. Mwakani tunaye tena."

"Basi nyumba tunabaki nayo," alisema Ishbel.

Pirie alikoroga chai ambayo hakuitia sukari. "Hapo sasa. Nyumba ni ya mfanyakazi anayelala, na Torquil halali. Hali chakula. Hata mshahara haulizi. Nyumba tumeshawaahidi wageni."

"Na mimi je? Mimi si nalala?"

"Najua, mama. Pole sana."

Pole yake ilikuwa ya kweli, na ndiyo maana ilimchoma Ishbel zaidi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini wahenga hawakuwahi kuishi kwenye nyumba ya milki.

Jumamosi, gari la mizigo lilipokwisha kupakiwa, Ishbel aliteremka hadi kilindini. Aliingia majini na viatu vyake mpaka magotini. Alikuwa na hasira, na alimpenda mumewe.

"Torquil, toka humo. Mwambie Pirie huongozi mtu mpaka nirudishiwe nyumba yangu. Neno moja tu, mume wangu. Bila wewe hawana mtu."

Torquil alimtazama kwa upendo. Hilo hakuna ambaye angelitilia shaka. Mikononi mwake alikuwa ameshika jike mwingine.

"Nimekusikia, bibie. Ila huyu hajapata nguvu. Ngoja kidogo."

Ishbel alingoja. Jike alitikisa mkia, akaenda zake. Torquil alifungua mdomo kusema, na hapo daktari wa meno akapiga kelele kwamba amenasa mwingine, mkubwa. Torquil akageuka, akaenda kumsaidia, maji yakifunga nyuma yake.

Dereva alipiga honi. Ishbel alipanda garini, viatu vikichuruzika. Chini ya daraja walimwona Torquil ameinama, mgeni akimpiga picha.

"Si mumeo yule?" aliuliza dereva. "Nisimame umuage?"

"Twende tu," alisema Ishbel, akifunga mkanda. "Yuko kazini."