Salamu za Mugure

Kabiru alikuwa na ubishi mmoja ambao hakuna aliyewahi kuushinda, na gereji nzima ilikuwa imechoka kuusikia. Alisema wimbo ni gitaa. Maneno, kwake, yalikuwa ganda la ndizi: lazima liwepo, lakini nani analila? Ungemkuta amelala chini ya Probox ya mtu, nyundo mkononi, na gitaa la solo likiingia tu angeacha kugonga, atoe kichwa nje, akuulize kama umesikia hicho kidole cha mpiga gitaa. Ukimuuliza mwimbaji anasema nini, alikuangalia kama umemuuliza rangi ya soksi za refa. Na si ati nyimbo zilikuwa za Kilingala. Zilikuwa za Kikuyu, lugha aliyoipata kwa mamake. Maneno aliyasikia sawasawa, ila hakuwa na haja nayo.

Gereji yenyewe ni ya mzee Joginder, huku Industrial Area ya Nakuru. Gari ikigongwa Lanet au Gilgil inavutwa hadi hapo, Kabiru anainyoosha bati, anaipaka pati ya kuziba mabonde, anaipiga msasa, halafu Kipkemei anapuliza rangi. Redio ilining'inia kwenye msumari juu ya meza ya vifaa, na spika zake mbili zilitolewa kwenye gari lililopinduka. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa isipokuwa Kabiru. Hata mzee Joginder, mwenye mali, akitaka kuongea kwa simu alitoka nje barabarani, na hakulalamika sana kwa sababu fundi wa bodi kama Kabiru hapatikani ovyo.

Sasa, kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana huwa ni salamu. Watu wanatuma ujumbe kwa simu, mtangazaji anausoma: fulani wa mahali fulani anamsalimia fulani, na anaomba achezewe wimbo fulani. Watu wazima na ndevu zao hukaa wakisubiri kusikia majina yao. Na kwa Jumamosi kumi mfululizo, jina la Kabiru lilikuwa limesomwa. Mugure wa Naivasha anamsalimia mume wake Kabiru, fundi wa gereji, Nakuru. Kipkemei angepiga mluzi, aseme boss, wewe umependwa hadi hewani. Kabiru angecheka, aongeze sauti, na akiulizwa mkewe anarudi lini angejibu kwamba mtu anayekusalimia kila wiki mbele ya nchi nzima hajaenda mahali.

Lakini Mugure alikuwa ameenda. Ilikuwa miezi minne tangu achukue kazi kwenye shamba la maua kule Naivasha, kazi ya kufunga mawaridi, na alilala kwenye nyumba za wafanyakazi, chumba kimoja na wanawake watatu. Hakuwa amekanyaga nyumbani hata siku moja. Kabiru alisingizia zamu, akasingizia nauli, na wapangaji wenzao walimwitikia tu kwa adabu. Sababu aliijua. Aliijua vizuri, na ndiyo iliyofanya redio isizimwe.

Walikuwa na mtoto mmoja, mvulana wa miaka minne. Jina lake Kahiga, la babake Kabiru, kama desturi inavyotaka, na kwa hivyo Kabiru alimwita mtoto wake baba. Mwaka jana, ile baridi ya Julai, kifua cha mtoto kiliziba ghafla asubuhi moja. Mugure alikuwa peke yake nyumbani, Lanet. Alimpigia Kabiru simu mara sita ili aje na gari yoyote ya gereji. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa ovaroli, ovaroli iko msumarini, na juu yake redio inalia kwa nguvu zake zote. Mugure akambeba mtoto mgongoni, akakimbia naye hadi barabara ya Nairobi. Hospitalini daktari alisema, kwa upole, kwamba wangefika saa moja mapema mambo yangekuwa mengine.

Kabiru alipofika, mkewe alimuuliza kwa nini hakushika simu. Akasema simu ilikuwa imezima, chaji iliisha. Alisema hivyo mara moja tu, nje ya wodi, mikono bado ina vumbi la pati, na tangu siku hiyo uongo huo ukabaki pale ulipoangukia. Mugure akianza kusema, Kabiru, ile siku, yeye aliinuka akaongeza redio ya nyumbani. Baadaye, akipigiwa kutoka Naivasha na kuulizwa lile lile, alisema network ni mbaya, ama aliisogeza simu karibu na spika na kumwambia asikie kwanza hiki kidole. Ebu fikiria. Mwanamke analilia mtoto wake, na wewe unampa gitaa.

Jumamosi hiyo ya kumi, wimbo ulipoisha, Jasvinder alitoka kaunta ya mbele na kikombe chake cha chai. Huyu ni bintiye Joginder, anauza spea, na ni mtu asiyeacha jambo nusu. Tuni ya wimbo ilikuwa imemwingia, alikuwa anaivumisha puani. Aliuliza mwimbaji huyo anaimba nini. Kabiru akamwambia aachane na maneno, asikilize gitaa. Jasvinder akakataa. Akasema kwao gurudwara, hekaluni, maneno yanawekwa ukutani kwa mwanga, kwa maandishi yao na kwa Kiingereza, ili mtu asisimame hapo akiimba asichokijua. Kipkemei akaingilia kumtetea mwenzake, akasema Wakenya wamecheza Lingala miaka na miaka bila kujua hata neno moja, na hakuna aliyekufa.

"Lingala hamjui," Jasvinder akasema. "Hii unaijua, Kabiru. Bibi yako ametafuta nyimbo zote akachagua hii. Hujawahi kujiuliza kwa nini?"

Jasvinder alikuwa ameurekodi wimbo kwa simu yake. Akaiweka juu ya boneti ya gari lililokuwa linasubiri rangi, akacheza mstari mmoja, akausimamisha, akamwangalia Kabiru. Kikuyu chake yeye kilikuwa cha habari yako na bei gani, hakikumfikisha popote. Kabiru akaona heri amalize upesi arudi kwenye msasa wake.

"Anasema, nilikupikia, nikakuandalia, na wewe ukasifu sahani."

Jasvinder akatabasamu, akasema hapo ni pazuri, akacheza mstari unaofuata.

"Anasema, chakula hukugusa. Nikakupikia tena." Kabiru akajikuna shingo. "Anasema, nilikuuliza swali, ukaniimbia."

Mstari mwingine ukapita. Safari hii hakutafsiri. Jasvinder akadhani hakusikia vizuri, akaurudia, na gitaa lile tamu likapita mara ya pili huku Kabiru amesimama akiangalia simu. Kipkemei alikuwa ameshusha bunduki ya rangi.

"Anasema sasa nimezima moto," Kabiru akasema polepole. "Nimeosha sufuria nikaifunika. Ukirudi na njaa usiniite."

Jasvinder alizima simu. Hakusema tena kwamba ni pazuri. Aliuliza, kwa sauti ya chini, zile nyimbo nyingine tisa zilikuwa zinasema nini.

Na hapo ndipo balaa lilipokuwa, kwa sababu Kabiru alizikumbuka zote. Kumbe maneno yalikuwa yameingia bila ruhusa yake na kukaa ndani miezi yote hiyo, na sasa, ukigusa tuni tu, yanatoka nayo. Kabiru aliketi juu ya tairi na kuanza kuzihesabu. Wa kwanza ulikuwa wa mwanamke anayemwita mumewe ng'ambo ya mto, na mume anajibu kwamba mto una sauti nzuri. Wa tatu ulikuwa wa mama anayeuliza nani alikuwa wapi siku mvua ilipobomoa nyumba. Wa tano, ah, wa tano ndio alioupenda kuliko yote, aliuweka hadi ukawa mlio wa simu yake. Mwimbaji alikuwa anasema sitakupiga, sitakufukuza, niambie tu kwa mdomo wako. Kila mteja aliyempigia alimwimbia Kabiru maneno hayo masikioni, na Kabiru aliiacha simu ilie kidogo kabla ya kushika, ili gitaa la bass lifike.

Aliona aibu hata ya kuinua uso. Kipkemei alirudi kwenye gari lake akajifanya anatafuta kitambaa. Jasvinder alimwambia aende Naivasha, asingoje Jumamosi nyingine, na gari la mteja litasubiri. Kabiru alitaka kumpigia Mugure papo hapo, lakini alipoitoa simu aliogopa kwamba akisikia sauti yake atasema tena mambo ya network.

Jumapili saa tano asubuhi alikuwa ameketi kwenye kibanda cha chai nje ya lango la shamba la maua. Mugure alimkuta hapo akielekea kazini. Alikuwa tayari amevaa koti la kazi, zamu yake ilianza saa sita, na vidole vyake viwili vilikuwa na plasta, miiba ya mawaridi. Kabiru aliona amekonda. Walisalimiana kwa mkono, kama watu waliokutana benki, na Mugure akaagiza chai mbili.

Kabiru alimwambia kwamba amesikiliza. Mugure akauliza ni wimbo upi. Akasema zote, jana, zote kumi. Mugure akauliza nani alimwambia asikilize, na Kabiru, ambaye alikuwa ameapa njiani kwamba leo hatadanganya hata kwa kitu kidogo, akamweleza habari ya Jasvinder na simu yake juu ya boneti.

Mugure akacheka kidogo, kicheko kibaya.

"Kwa hivyo ilibidi aje mtu asiyejua Kikuyu ndio usikie."

Halafu akamweleza, bila kupandisha sauti, jinsi alivyofikiria. Alisema alijaribu kuongea naye jikoni, akashindwa. Alijaribu kitandani, akageuziwa mgongo. Alijaribu kwa simu, akapewa spika. Akajiuliza ni kitu gani kimoja ambacho Kabiru hatakizima hata dunia ikiungua, na jibu likawa redio. Basi akaamua kumuuliza kutokea huko ndani ya redio. Wiki nzima alikuwa anatafuta wimbo wa kumuuliza, wenzake chumbani wakimsaidia kukumbuka, na kila Jumamosi saa nane alisimama kando ya meza ya kufungia maua akingoja simu yake ilie. Mara tisa alimuuliza. Ule wa kumi haukuwa swali.

Kabiru alijua ni sasa ama asiseme tena.

"Simu haikuwa imezima," akasema. "Ilikuwa kwa ovaroli. Redio ilikuwa juu sana, sikusikia. Nilikuja kuona umepiga mara sita na mtoto ameshaenda. Nilikudanganya, Mugure. Ni mimi."

Alingoja apigwe kofi, angelifurahia. Alingoja mayowe. Mugure aliendelea kukoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeshayeyuka.

"Najua," akasema.

Kabiru hakuelewa. Akauliza nani alimwambia, ni Kipkemei?

"Simu iliyozima inasema mteja hapatikani. Yako iliita, Kabiru. Iliita mara sita mpaka ikakatika yenyewe, na mimi niko barabarani na mtoto mgongoni, naihesabu. Nilijua kabla hujafika wodini."

Mtu mzima, fundi anayenyoosha magari yaliyokunjika, na mwaka mzima hakuwahi kuwaza jambo dogo kama hilo. Alikuwa amekesha akilinda siri ambayo mwenyewe aliyefichwa alikuwa nayo tangu asubuhi ile ile. Kila alipoongeza redio, Mugure alikuwa ameketi pale pale, anajua, anamngoja. Kabiru alijaribu kuuliza kwa nini basi hakusema, kwa nini hakumshika shati akamwambia mwongo wewe, lakini kilio kikamtangulia. Alilia. Alilia kwa sauti, mbele ya wanawake waliokuwa wanapita na mikebe yao ya chakula, na kwa mara ya kwanza tangu Julai ile akataja jina. Baba, alisema. Kahiga. Baba wangu.

Mugure alimwacha alie. Hakuondoka, wala hakumshika. Aliponyamaza kidogo alimwambia kwamba kakake atakuja wiki ijayo kuchukua cherehani na nguo za mtoto, na kwamba chumba cha Lanet abaki nacho yeye. Kabiru akamwomba arudi. Akasema ataitupa redio, ataivunja leo hii. Mugure akatikisa kichwa, akasema redio haikuwa na makosa.

"Ungeniambia siku ile ningekasirika, labda ningekutukana mbele ya watu. Halafu tungemlilia pamoja," akasema. "Mimi nimemlilia peke yangu, nimemaliza. Wewe ndio unaanza."

Akanywa chai yake ikaisha, akafunga vifungo vya koti, akaingia langoni pamoja na wenzake wa zamu ya mchana.